Mji Mdogo, Kitabu cha Mapenzi na Mlango wa Jiko la Mama

Najua nimepotea. Wiki tatu nzima sijaandika kitu humu, na kuna walioanza kuulizana kwenye korido kama nimepata disko nikaona aibu kusema. Hapana jamani, bado nipo. Nina sapu moja tu ya saikolojia ya elimu, na hiyo nitaifanya Mungu akipenda. Kilichonipoteza ni kitabu, tena si cha kozi. Ni riwaya ya mapenzi. Cheka umalize kabisa, halafu urudi usome, maana leo nina jambo la kusema na sitaki unisikilize huku unacheka.

Ilikuwa hivi. Rumeti wangu ana ugonjwa wa kununua vitabu vya mitumba, vile vinavyotandazwa chini kule Posta. Bumu likiingia tu, kabla ya mchele na sabuni, yeye vitabu kwanza. Siku moja karudi na kimoja jalada limechanika kona, kurasa zimegeuka rangi ya chai. Virgin River, mwandishi Robyn Carr, Mmarekani. Umeme ulikuwa umekatika, simu yangu ina asilimia nne, nikakichukua kwa sababu hapakuwa na kingine cha kufanya. Nilikimaliza usiku wa pili saa nane, kwa tochi, nalia kimyakimya ndani ya neti ili rumeti asisikie. Alisikia.

Kwa ambao hawajakisoma: kilitoka mwaka 2007 na ndicho cha kwanza katika mfululizo mrefu, vitabu zaidi ya ishirini. Mhusika mkuu ni Melinda Monroe, wanamwita Mel. Ni nesi aliyesomea pia ukunga, amefanya kazi hospitali kubwa Los Angeles. Mume wake, Mark, alikuwa daktari wa wagonjwa wa dharura. Siku moja ametoka zamu, akapita dukani, akakuta ujambazi unaendelea humo ndani, akapigwa risasi. Basi. Mtu ametoka kuokoa watu usiku kucha, anakufa dukani.

Mel anashindwa kuendelea kuishi mji ule. Anaona tangazo la kazi: kamji ka watu mia sita hivi, huko milimani kaskazini mwa California, daktari mzee anahitaji msaidizi. Anakubali mkataba wa mwaka mmoja. Anafika usiku, mvua inanyesha, barabara nyembamba, na tairi la BMW yake linateleza pembeni na kuzama kwenye tope. Nyumba aliyoahidiwa ni chafu na imechakaa. Daktari mwenyewe, Doc Mullins, anamwambia wazi kwamba yeye hakuomba msaidizi. Mel anasema haya, kesho naondoka. Kesho yake kichanga kinakutwa kimeachwa mlangoni kwa daktari. Anaamua kukaa siku chache tu, mpaka mtoto apate pa kwenda. Na wewe unajua siku chache huwa zinakwendaje.

Halafu yupo Jack Sheridan, mwanajeshi mstaafu wa Marine, ana baa inayouza na chakula, watu wa mji wote wanakula pale. Jack hasemi sana. Anachofanya ni kwenda kuikarabati ile nyumba mbovu ya Mel bila kuombwa. Tutarudi hapo kwenye nyumba, maana ndipo kitabu kiliponishika koo.

Wengi wenu mnaijua tamthilia yake, ile iliyoanza Netflix Desemba 2019. Mjue tu kwamba humo wamebadilisha, Mark anakufa kwa ajali ya gari. Na milima mnayoisifia ni ya British Columbia, Kanada, ndiko walikopigia picha. Kamji ka Virgin River hakapo kwenye ramani, kabuniwa na mwandishi, ila Humboldt, eneo alikokaweka, lipo kweli California na ndiko iliko ile miti mirefu kupita kiasi.

Sasa mada. Nilifanya kosa la kukitaja kitabu hiki kwenye vimbweta, tukiwa tunasubiri kipindi cha saa kumi. We! Kolego mmoja akaanza, "Mto Bikira?" Watu wakaanguka kwa kicheko. Mwingine akasema mtu wa mwaka wa tatu, anayesomea ualimu wa fasihi, kusoma vitu hivyo ni sawa na daktari kuuza mizizi. Hoja zao nilizikusanya ni tatu: mwisho unajulikana tangu ukurasa wa kwanza, maisha hayako hivyo, na ni vitabu vya wasichana. Sikuwajibu siku ile, nilikuwa na njaa na hasira kwa pamoja. Najibu leo.

Hiyo ya tatu naanza nayo kwa sababu haina uzito. Yaani kitabu kikisomwa na wanawake wengi kinapungua nini? Kuna riwaya za kivita ambazo nazo mwisho unajulikana tangu ukurasa wa kwanza, shujaa haguswi na risasi hata moja, na wenzetu wa kiume wanazibeba mpaka lekcha bila kuchekwa.

Hiyo ya kwanza, ya mwisho kujulikana. Sisi wote tuliosoma Kiswahili kidato cha tano na sita tulikutana na Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi. Kumbukeni Yasmin. Kaozwa kwa Raza, mzee asiyempenda, akakimbia, familia yake ikamkataa, akaanza upya Ng'ambo. Ukiacha siasa na harakati za akina Denge, katikati pale kuna msichana anayetafuta kuishi mara ya pili baada ya mara ya kwanza kuharibiwa na watu wazima. Mbona hiyo tulijibia mtihani na hakuna aliyecheka? Na ukienda kwa Waingereza, Jane Austen ana riwaya inaitwa Persuasion, ilitoka mwishoni mwa 1817, miezi michache baada ya yeye kufariki. Anne Elliot alikuwa na miaka kumi na tisa alipochumbiwa na Wentworth, ofisa wa jeshi la majini asiye na pesa. Akashauriwa avunje, akavunja. Miaka minane baadaye jamaa anarudi, sasa ni kapteni mwenye mali, na Anne bado anampenda. Ukifungua kitabu hicho unajua kabisa watarudiana. Watu wanakisoma miaka mia mbili sasa. Kwa hiyo mwisho kujulikana si hoja. Tunachofuata ni watu hao watafikaje, na kitawagharimu nini.

Aliyemshauri Anne anaitwa Lady Russell. Mkumbukeni huyo mama, nitamrudia. Si mtu mbaya. Alikuwa rafiki wa marehemu mama yake Anne na alimtakia mema.

Hoja ya pili ndiyo yenye uzito: maisha hayako hivyo. Hapa inabidi niwaambie jambo la nyumbani, na nimefikiria wiki mbili kama niliandike au la.

Mimi ni wa Tukuyu. Wanaoijua wanajua mvua yake. Mama yangu ni nesi mkunga. Ndiyo, mkunga kama Mel, ila yeye hana BMW, anapanda bodaboda kwenda kazini na amevaa gumbuti. Baba alifariki nikiwa kidato cha nne. Mama alitusomesha wawili, mimi na mdogo wangu, kwa mshahara ule, migomba na zamu za usiku. Kama umewahi kukaa nyumba moja na mtu wa zamu za usiku unajua inavyokuwa. Unaamka asubuhi unamkuta kakaa jikoni na koti bado limemkaa mwilini, chai imepoa mbele yake. Kazalisha watoto watatu, na mmoja labda hakulia. Hakuna wa kumwambia. Sisi watoto tunaondoka shule.

Jiko letu ni la nje. Mlango wake ulikuwa wa mbao, ukavimba kwa mvua, bawaba zikakatika, ikawa ukiingia unausukumizia tofali. Tofali lile lilikaa pale miaka, hata wageni walilizoea. Basi likizo moja, nikiwa mwaka wa kwanza, nafika nyumbani nakuta tofali halipo. Mlango mpya, bawaba mpya, komeo linateleza kama la benki. Nikauliza, "Mama, nani katengeneza?" Akasema, "Fundi." Nikauliza, "Shilingi ngapi?" Akanyamaza, akaanza kupanga sahani ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Nikaelewa. Yule fundi seremala wa kule juu barabarani, mke wake alifariki zamani, watoto wake wameshaoa. Siku ya tatu mama akaniambia mwenyewe, kwa sauti ndogo, kwamba fundi anataka kuja kuongea na wazee. Wapendwa, nililia kama mtoto. Nikamwambia Baba hajamaliza hata miaka minne. Nikamwambia watu watasemaje. Tukuyu ni ndogo, ukikohoa sokoni wanakujibu pole stendi. Nikamwambia shangazi watatutenga. Nikamaliza kwa kusema, "Kama ndivyo, mimi likizo sirudi tena." Mama akanitazama. Akasema, "Sawa mwanangu." Basi, hayo tu. Sawa mwanangu.

Fundi hakuonekana tena likizo ile. Alikuwa ameanza kutengeneza mfereji wa kukinga maji kwenye bati, akauacha nusu. Likizo iliyofuata nimelala, mvua inanyesha, nasikia matone yanaangukia kwenye ndoo mama aliyoitega pale mfereji ulipoishia. Tong. Tong. Nikajiambia aa, ni mvua tu.

Sasa mpate picha. Niko hosteli, saa saba ya usiku, tochi mdomoni, nasoma Jack anakwenda kuitengeneza nyumba ya Mel. Anasafisha, anarekebisha, anaondoka. Hamwambii njoo uone nilivyokupenda. Nikasimama hapo hapo. Nikaona mlango wa jiko. Nikaona tofali lililokuwa halipo. Kitabu kimeandikwa na mama wa Kimarekani ambaye sidhani kama amewahi kusikia neno Tukuyu, lakini alijua kitu ambacho mimi, mtoto wa nyumba ile, nilikiona kwa macho yangu nikakataa kukijua. Mlango ule ulikuwa maneno.

Kwa hiyo wanaosema maisha hayako hivyo, mimi nawajibu kwamba yapo, ila wengine tunayafukuza yakija kubisha hodi na nyundo mkononi.

Na kuna jambo lingine kitabu hiki kinalisema vizuri, ambalo wanaokicheka hawalioni kwa sababu wamesimama kwenye mabusu. Mel haponi kwa sababu kapata mwanaume. Anaanza kupona kabla, kwa sababu ana kazi ya kufanya na watu wanamhitaji. Kichanga kinalia, hakisubiri huzuni yako iishe. Kuna mahali anafuatwa usiku akamzalishe mwanamke kwenye kambi ya watu wanaolima bangi kwa kificho msituni, na anakwenda, kwa sababu anayejifungua ni anayejifungua. Jack anakasirika, anaogopa. Mel haombi ruhusa. Nilipofika hapo nilicheka peke yangu, nikamwona mama kabisa, na tochi yake na gumbuti. Na bado siku ya kumbukumbu ya kifo cha Mark inampiga chini kama jana. Mwandishi hadanganyi kwamba ukifanya kazi sana machozi yanakwisha. Anaonyesha kwamba vyote viwili vinakaa ndani ya mtu mmoja, na mtu huyo bado anaweza kula chakula cha jioni na kucheka.

Mimi nilidhani mama akicheka na fundi maana yake Baba amefutwa. Hiyo ndiyo hesabu niliyokuwa napiga, kana kwamba moyo una kitanda kimoja kama vya hosteli yetu, mgeni akija mwenyeji alale chini.

Sasa msije mkasema nimelewa kitabu. Kina mapungufu, na mwalimu mtarajiwa lazima ayaseme.

La kwanza ni muda. Mel anafika kule mume wake hana hata mwaka tangu afe, na kabla kitabu hakijaisha ameshapenda, na ameshapata mimba ambayo kwa Mark alihangaika sana kuitafuta bila mafanikio. (Samahani kwa kuwafichulia, lakini kitabu kina umri wa wadogo zenu.) Kwa kweli pale niliguna. Ni kama mwandishi aliogopa tusingeamini kwamba amepona mpaka tuone mtoto. Wapo wanaopona bila mtoto, na wapo wanaopona bila kuolewa tena. Ningependa mama mmoja wa namna hiyo naye apewe sura zake.

La pili ni pesa. Mel akichoka anaweza kuwasha gari akaondoka. Ana elimu inayotafutwa kila mahali na dada anayempenda. Nafasi ya pili ni rahisi kidogo ukiwa na mafuta kwenye tangi. Mjane wa kwetu anayeanza upya mara nyingi anaanzia kwenye kugombania nyumba na mashamba na ndugu wa mume, hayo mapenzi yatafuata baadaye yakipata nafasi.

La tatu ndilo kubwa. Mji ule ni mwema mno. Watu wanapiga umbea, ndiyo, lakini umbea wao ni wa kuwasukuma wawili hawa wakae pamoja. Mwe! Nani aliwahi kuona umbea wa namna hiyo? Mji mdogo ninaoujua mimi unakumbuka. Unakumbuka nani alifeli, nani alikamatwa na polisi, nani alizaa akiwa shule.

Nikiwa TP mwaka jana, shule ambayo sitaitaja, nilikuwa na mwanafunzi kidato cha tatu aliyekuwa ameacha shule kwa ujauzito akarudi. Mnajua kwamba Novemba 2021 serikali ilitangaza wanafunzi wa namna hiyo waruhusiwe kurejea, na upo Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka huo. Karatasi ipo, lango limefunguliwa. Lakini kwenye chumba cha walimu nilisikia kwa masikio yangu, "Yule mama wa watu yupo darasani leo?" Kicheko. Mtoto wa watu anakaa dawati la nyuma, ananyoosha mkono nusu, halafu anaushusha. Lango la shule lilifunguliwa na waraka. Mkono ule utanyooshwa mpaka juu siku sisi tutakapoacha kucheka. Na mimi ningeweza kusema kitu pale, lakini nilikuwa mgeni, nikanywa chai yangu nikanyamaza. Naandika ili kesho nisinyamaze.

Kwa mama ni vile vile. Juzi niliisoma Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kozi haikuniomba, nilitaka kujua tu. Kifungu cha 68 kinasema mwanamke aliyefiwa na mume yuko huru kuishi anapopenda, na yuko huru kubaki bila kuolewa au kuolewa tena na mwanaume amtakaye mwenyewe, hata kama mila inasema vingine. Mwaka 1971! Mama yangu mwenyewe alikuwa hajazaliwa. Sheria ilimfungulia mlango zaidi ya miaka hamsini iliyopita, na aliyekuja kusimama mlangoni na kuuziba si mjomba mwenye fimbo, si shangazi. Ni mimi, binti msomi, mwaka wa kwanza wa shahada, ninayeandika insha kuhusu ukombozi wa mwanamke na kupata A.

Ndiyo maana niliwaambia mumkumbuke Lady Russell. Niliposoma Persuasion muhula wa pili nilimchukia sana mama yule. Nikamwandikia aya nzima ya lawama kwenye kazi ya semina. Sikujua kwamba nilikuwa naandika wasifu wangu. Watu wanaozuia nafasi ya pili ya wenzao kwa kawaida si maadui. Ni watu wanaowapenda, wenye hofu zao wenyewe, na wanaita hofu hiyo ushauri.

Basi Jumapili iliyopita nikajikaza nikampigia mama. Nilikuwa nimejiandaa, nimeandika hata vipointi kwenye karatasi kama ninakwenda kufanya prezentesheni. Baada ya salamu na habari za mdogo wangu na mbolea, nikasema:

"Mama, yule fundi…"

"Fundi yupi?"

"Fundi wa mlango."

Kimya. Nikasikia redio ya jirani kwa mbali.

"Mama, mimi nilikosea. Sina tatizo tena. Kama unataka yule baba aje, mimi naona sawa, nimekubali."

Mama akacheka. Si kicheko cha furaha, ni kile cha kumsubiri mgonjwa mbishi amalize maelezo yake. Akasema, "Ngoja kwanza mwanangu. Ulivyokuwa mwaka wa kwanza ulinikataza. Leo unaniruhusu. Nani kakupa hicho cheo?"

Jamani. Karatasi yangu ya vipointi ikakosa kazi.

Akaendelea, taratibu tu. "Siku ile nilisema sawa kwa sababu ulikuwa unalia. Sikusema nimekubali." Nikamuuliza, kwa sauti ya mtoto sasa, kama fundi alifukuzwa. Akasema, "Nilimwambia asije kwanza. Sikumwambia mpaka lini." Nikataka kuuliza zaidi, akanikata, akasema kesho yake anaingia zamu asubuhi na mimi nina vipindi, tulale.

Nimelifikiria jibu lile wiki nzima na naona mama kanifundisha kitu ambacho hata kitabu hakikukisema wazi hivyo. Nafasi ya pili haitolewi na mtu mwingine. Si mji unaokupa, si watoto, si shangazi, wala waraka. Ni yako. Kazi yetu sisi tuliobaki ni kutoka mlangoni. Na ukishatoka mlangoni usisimame pembeni na kuanza kukaribisha watu ndani kama vile nyumba ni yako, ndilo kosa nililotaka kulifanya Jumapili. Mel katika kitabu alikaa Virgin River kwa sababu aliamua mwenyewe, asubuhi baada ya asubuhi, kwamba leo haondoki. Jack alisubiri. Hapo ndipo ninapomheshimu Jack kuliko kwenye misuli yake yote.

Kwa hiyo kwa wale wa kwenye vimbweta, jibu langu ndilo hilo. Someni mnachotaka na mniache nisome ninachotaka. Nikipangiwa shule, siku moja Mungu akijalia ajira zitoke, mwanafunzi wangu akikutwa na riwaya ya mapenzi chini ya dawati sitaichana. Nitamuuliza tu, nani humo amepata nafasi ya pili, na nani alijaribu kumzuia? Akinijibu vizuri namwachia kitabu. Akijibu vizuri sana nakiazima.

Lakini sijawamalizia simu. Kabla ya kukata, mama akauliza:

"Hicho kitabu ulichosema unasoma, kina mkunga ndani?"

"Ndiyo mama. Ndiye mwenye kitabu."

"Anazalisha vizuri, au wameandika tu?"

Nikasema kwa jinsi nilivyosoma anazalisha vizuri. Akasema, "Hebu njoo nacho likizo tuone."

Likizo inaanza wiki mbili zijazo. Rumeti ameshakubali kuniazima, kwa sharti nisikiloweshe na mvua za kwetu. Mfereji sijaulizia. Nikifika nitaangalia juu kwenye bati, nikikuta ndoo ipo au haipo, nimejiapiza sitauliza swali lolote.

Haya, ngoja niwahi foleni ya chakula kabla maharage hayajageuka mchuzi mtupu. Wenye Lady Russell ndani yao wajitafakari, na wenye mama zao wapigeni simu leo, lakini msiwaruhusu kitu. Wasalimieni tu.

Tuko pamoja.